Wimbo Uliobaki Ndani

Kwaya iliyotoka Rongo haikumjua Ezra. Ilialikwa Sindo na upande wa mjane, ikafika na sare zake za buluu na kinanda cha kubeba, ikajipanga mistari minne mbele ya jeneza. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikishindana na goti langu la kushoto ambalo siku hizi hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Kiongozi wao akatoa sauti, wakaanza: Walio nje, Bwana, uwaone, wasioitwa kwa majina, uwaite. Nikajiziba mdomo kwa leso. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinipapasa mgongo akasema, "Jikaze, dada. Inaonekana mlikuwa karibu sana." Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba nusu ya kilichonikaba kooni kilikuwa kicheko. Wimbo ule, ambao kuanzia Kendu Bay hadi Migori ni nadra mtu kushushwa kaburini bila kuimbiwa, ni wimbo wa roki. Waliouimba kwanza walikuwa vijana wa ng'ambo wenye magitaa ya umeme na nywele zilizofunika macho. Aliyeuleta kanisani, akauvua suruali ya jinzi na kuuvisha joho, alikuwa amelala ndani ya jeneza lile, na kati ya wote waliokuwa wakimwimbia hakuna hata mmoja aliyejua.

Apiyo ndiye aliyenipigia simu kunipa habari: figo, alisema, na hospitali ilikuwa mbali. Yeye yuko Mwanza siku hizi na duka lake halina wa kuliachia, basi aliniambia, "Nenda wewe ulie kwa niaba yangu. Lakini usilie Kizungu." Alimaanisha nisilie kimyakimya nikitazama mbali, kama nilivyojifunza katika miaka yangu ya vyuo vikuu. Mimi ni mtu wa insha. Watu wa nyumbani wakiulizwa kazi yangu husema "anaandikaandika," na sijawahi kupata maelezo bora zaidi. Nimewahi kuuzungumzia wimbo huo, yaani ule wa magitaa, mbele ya wasomi wenzangu, nikatumia maneno marefu, wakanipigia makofi mafupi. Nilichotaka kusema kilikuwa kidogo tu. Kila darasa ninalofundisha, wanafunzi wangu, ambao walikuwa hawajazaliwa ulipotoka, wanaujua. Ukifika kwenye kiitikio wanaupaza wote: binti ambaye kila mtu anataka kukaa karibu naye, kijana anayeletwa chuoni kwa gari la baba yake, kiranja, mlokole, mlevi. Wote wanaimba kwamba wao ndio wale ambao hakuna aliyewaita. Wimbo wa walio nje unapendwa na kila mtu. Basi aliye ndani ni nani? Profesa mmoja alisema swali langu lilikuwa zuri. Maana yake lilikuwa halina jibu na muda wa chai ulikuwa umefika.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliokuwa kidato cha tatu, Homa Bay, nikikaa kwa Waya Dorka. Waya ndivyo tunavyomwita dada wa baba, na huyu wangu alikuwa shemasi wa kanisa, muuza vitenge, na mtu ambaye hata paka wake alitulia siku ya Sabato. Sebuleni kwake kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa, na redio kubwa ya kanda iliyokaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima, nayo ikiwa imevishwa kitambaa chake. Redio ile ilikuwa na kazi tatu tu: habari, mahubiri, na matangazo ya vifo. Matangazo yalikuja jioni, tukila. Msomaji alitaja marehemu, akataja watoto, wakwe, wajukuu, chifu na lokesheni, na Waya alisimamisha tonge hewani mpaka ajue kama jina ni la mtu wetu. Mwaka ule tonge lilisimama mara nyingi. Ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja ulikuwa ukipita nyumba hadi nyumba, na msomaji alisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu" kwa sauti ileile aliyosomea hali ya hewa. Nyumbani kwetu hatukunywa chai wala kahawa. Tulikunywa maji ya moto yaliyotiwa mchaichai, na Waya akiyamimina alisema "chai iko tayari" bila aibu yoyote. Hatukula kamongo, samaki yule mrefu wa matopeni, kwa sababu kanisa lilimhesabu najisi. Ijumaa tulipika chakula cha siku mbili, na Sabato tukala wali baridi na maharagwe baridi kwa furaha ya kuamriwa.

Nilikuwa nimetoka Migori mjini, ambako Mjaluo, Mkuria, Msomali na Mluhya hugombana bei kwa Kiswahili, na Kijaluo changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Nikifungua mdomo kukisema, dawati la nyuma lilicheka kabla sijamaliza. Nikirudi kwenye Kiswahili, walisema naringa. Wakaniita Nya Migori, binti wa Migori, kana kwamba Migori ni ng'ambo ya bahari. Ndivyo nilivyoangukia kwa wale wengine wawili ambao hawakuwa na pa kukaa wakati wa mapumziko. Apiyo alikuwa mrefu kuliko mwalimu mkuu, Mkatoliki katikati ya sisi washika Sabato, na kaka yake alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko. Ezra alikuwa yatima aliyelelewa na kanisa, na nasema hivyo kwa maana ya matofali na mabati: alilala kwenye kachumba nyuma ya madhabahu, pamoja na fagio, mabenchi yaliyovunjika na sanduku lake la chuma. Kanisa lilimlipia karo. Naye alifagia, akamwagilia maua, akagonga ringi ya lori iliyokuwa kengele yetu, na kwenye kwaya akaimba sauti ya tena. Hakuna aliyemtesa. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akangoja mtu mbaya atokee, hatatokea. Walimpenda. Kila Sabato mzee wa zamu aliomba, "Bwana, uwakumbuke mayatima," na Ezra, aliyekuwa amekaa mstari wa tatu kutoka mbele, aliitikia amina.

Wimbo tuliusikia kwanza kwenye kibanda cha kaka yake Apiyo. Nje kulikuwa na harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa, na ziwa lilikuwa limefunikwa na gugumaji hata ungedhani ni shamba. Ndani ya kibanda mlikuwa na benchi moja, spika mbili, na joto. Gitaa lilianza peke yake, kama mtu anayebisha akiwa hana hakika na nyumba, kisha ngoma zikaingia, kisha sauti ya kijana.

"Huyu analia nini?" niliuliza.

"Yuko dirishani," alisema Apiyo, ambaye alikuwa amekwisha kuusikiliza mara nyingi. "Ndani kuna sherehe. Wenzake wa shule wanacheza, yeye anaangalia."

"Si aingie tu?"

"Hajaalikwa, Nya Migori. Kwani huko kwenu mkiona sherehe mnaingia tu?"

"Huko kwetu, ndiyo."

Apiyo alicheka akanipiga bega. Ezra hakucheka. Alikuwa ameinamia spika kama daktari anayesikiliza kifua. Wimbo ulipoisha alimwambia kaka yake Apiyo, "Omera, kaka, weka tena," na ulipoisha tena akatoka, akaenda kugonga ringi ya mazoezi ya kwaya.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Jaduong' Nehemia, mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, ambaye alifundisha kila kitu kwa solfa. Aliamini kwamba Mungu alipoumba dunia alianza na do. Ubao mweusi wa kwaya ulikuwa umejaa herufi zake, d, r, m, f, zilizopangwa mistari minne ya sauti nne, na ole wake aliyeufuta bila ruhusa. Mwezi wa Agosti kulikuwa na makambi, yale mahema ya ibada ambako makanisa ya pande zote hukutana, na kila kanisa lilitakiwa kuleta wimbo mpya. Mwaka ule macho ya Jaduong' yalikuwa yameanza ukungu, akampa Ezra kazi ya kutunga. Siku chache baadaye Ezra alitukuta, Apiyo na mimi, tukichambua mboga nyumbani kwa kina Apiyo.

"Nimepata wimbo," alisema.

"Wa nani?"

"Ule."

Apiyo aliacha mboga. "Ule wa magitaa? Yawa! Ezra, umerogwa?"

"Magitaa nitayaacha nje."

"Wakijua watakutoa. Utalala wapi, juu ya gugumaji?"

"Nani atajua? Nani kati yao amewahi kuusikia?" Kisha akaketi, akachukua jani moja akaanza kulichanachana. "Nyinyi mnasikia vile wananiombea. 'Wakumbuke mayatima.' Na mimi niko hapo. Nina jina. Sitaki waniombee, nataka waimbe hiyo kitu wenyewe, na mdomo yao wenyewe, wasikie vile inakuwanga."

Basi akauandika. Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna nyimbo zinavyosafiri, na hakuna hata kimoja kinachoeleza solfa inaweza kufanya nini. Ukishaondoa ngoma, ukapunguza mwendo mpaka uwe wa watu wanaobeba jeneza, ukagawa sauti nne na kuziandika kwa chaki, wimbo wowote unaonyooka na kuvaa tai. Watu wetu waliamini kwamba dhambi ya muziki hukaa kwenye ngoma na gitaa; wimbo usipokuwa navyo, dhambi haina pa kuketi. Ezra alijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliliamini. Maneno aliyatunga kwenye kachumba kake, kwa Kiswahili ili makanisa yote yaelewe. Jaduong' alisogeza uso karibu na ubao, akaimba mstari wa soprano kwa mdomo uliofumba. "Hapa kwenye kiitikio," alisema, "sauti inapanda kama mtu anayeomba mlango. Mwanangu, hii umepewa." Ezra aliinamisha kichwa. Waya, aliyekuwa alto, alirudi nyumbani siku ile akiuimba, akaukoroga ndani ya uji, akaufulia nguo.

Makambi yalikuwa upande wa Kendu Bay. Tulilala kwenye mahema, tukala maharagwe kutoka kwenye sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea, na Sabato alasiri kwaya yetu ikaitwa. Mimi sikuwa kwenye kwaya, sauti yangu ni ya kuitia kuku, nikawa nimekaa chini na umati. Walipofika kwenye kiitikio mama mmoja mbele yangu alisimama. Hakulia. Alisimama tu, na mikono imening'inia, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa hospitalini. Kisha mwingine. Kisha mzee mmoja. Nilikuwa kijana na sikuelewa kwamba nusu ya watu wale walikuwa wamezika mwaka ule, na kwamba waliozika hawakutembelewa tena kwa sababu ya ugonjwa ule, na kwamba kila mmoja wao alikuwa amesimama dirishani mwa nyumba fulani. Ibada ilipokwisha, walimu wa kwaya nyingine walikuja na penseli kunakili herufi kutoka kwenye ubao. Ezra aliwashikia ubao. Sijawahi kumwona mtu akiwa na furaha ya aina ile. Alikuwa kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni.

Wimbo ulikwenda haraka kuliko sisi. Kabla ya mvua za vuli ulikuwa umefika Migori, na mama yangu akaniimbia mstari wake kwenye simu ya kibandani akiniuliza kama nimewahi kuusikia. Uliimbwa kwenye maziko, kila wiki, mahali fulani. Kisha shuleni kwetu akaja mwanafunzi wa ualimu kutoka Nairobi kufanya mazoezi ya kufundisha, kijana mcheshi, mshika Sabato kama sisi. Sabato yake ya kwanza aliusikiliza wimbo akitabasamu, mguu wake ukigonga sakafu kwa mwendo ambao haukuwa wetu. Ibada ilipokwisha alimshika Jaduong' mkono kwa mikono miwili. "Mzee, hongereni. Mmeupanga ule wimbo vizuri kushinda wenyewe."

"Wenyewe nani?" aliuliza Jaduong'.

Kijana yule alifikiri anataniwa. Akacheka, akawataja wale vijana wa magitaa.

Baraza la kanisa lilikaa Jumapili asubuhi kwenye chumba cha wazee. Walitaka kuusikia, wasihukumu kwa uvumi, na hilo lilikuwa jambo la haki. Redio ya kanda iliyokuwa karibu ilikuwa ya Waya, basi mimi ndiye niliyeibeba, na kitambaa chake. Ezra alikwenda kwa Apiyo kuomba kanda. Apiyo alikataa kwanza. "Utawapa kisu na shingo wewe mwenyewe?" Ezra akamwambia, "Wameomba kusikiliza. Apiyo, wacha wasikilize." Nilimtazama uso na nikaona kwamba hakuwa na hofu. Alikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alidhani kwamba watu walioulia wimbo ule kwa mwendo wa polepole watauelewa pia kwa mwendo wake.

Nilitumwa kuchota maji ya wazee, nikayachota, kisha nikaketi na mtungi chini ya dirisha la chumba kile, Apiyo akaja akaketi kando yangu. Tukasikia kanda ikibonyezwa. Gitaa likabisha. Ngoma zikaingia, na kiti kimoja kikalia kama mtu ameruka. Wimbo wote ukapita. Kisha sauti ya mzee mmoja ikasema, "Rudisha nyuma kidogo." Ukapigwa tena.

"Besi iko wapi?" mwingine aliuliza.

"Ni hiyo inayonguruma, baba," alijibu Ezra.

"Hiyo ni besi? Nilidhani redio imeharibika."

"Ni wenyewe," alisema Jaduong' Nehemia taratibu. Najua alikuwa akihesabu solfa kwa vidole, kwa sababu ndivyo alivyosikiliza kila kitu, hata honi za lori. "Kiitikio ni chenyewe. Sauti ya tena ndiyo amebadilisha. Ameiweka vizuri kuliko hawa."

"Na huyu kijana anayelia, analia nini?"

"Anasema wenzake hawamwoni, baba."

"Ana njaa?"

"Hapana."

"Yatima?"

"Hapana. Ana baba na mama, wana gari."

Kukawa na mguno wa watu kadhaa. "Basi analia nini?"

"Mimi sijui yeye analia nini, baba," alisema Ezra. "Lakini nilijua mimi nalia nini."

Hapo palikuwa na nafasi. Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi, na kila mara nasikia ukimya ule baada ya maneno yake, na kila mara nadhani kwamba mtu atasema neno. Mzee mmoja alikohoa. Wakaanza kuzungumza kama baraza. Wimbo ungefanywaje? Ulikuwa umekwisha kwenda kwenye makanisa mengi, wafiwa waliuomba, huwezi kumfuata mjane mpaka Rongo ukamwambia arudishe faraja. Tena maneno yake yalikuwa safi. Wimbo ubaki. Lakini kijana alikuwa ameleta kitu cha dunia madhabahuni kwa siri, na hilo lilitaka toba. Asimame mbele ya washiriki, aseme kwamba alileta muziki wa shetani kanisani, aombe msamaha, mambo yaishe.

"Nitasema nilinyamaza," alisema Ezra. "Nitaomba msamaha kwa kunyamaza."

"Na hilo lingine?"

"Hilo siwezi. Kama ni wa shetani, mbona mnaubakisha?"

Apiyo alinifinya mkono mpaka ukafa ganzi. Ndani, mtu alisema kwamba huo ni ujeuri. Mwingine akasema ni utoto. Jaduong' Nehemia alimsihi: "Mwanangu, ni neno moja. Liseme. Mimi pia nimesema maneno mengi nisiyoyapenda, na bado niko hapa." Ezra akajibu, kwa upole kabisa, kwamba akisema hivyo, basi watu wote waliosimama kule makambini walisimamishwa na shetani, na yeye hawezi kumwambia yule mama hivyo.

Kwa kawaida ya kanisa lile, mtu hutolewa ushirikani kwa mikono ya washiriki, si ya wazee peke yao. Sabato iliyofuata katibu alisoma jambo lile kwa ufupi, bila kutaja roki, akasema tu udanganyifu na kukataa kutubu. Mimi sikuwa nimebatizwa, sikuwa na mkono wa kuhesabiwa. Nilikaa na watoto. Wanaokubali waliinua mikono, polepole, wengi wakitazama magoti yao. Katibu aliuliza wanaopinga kwa sauti ya mtu anayefunga daftari. Mkono mmoja ulipanda upande wa wanawake.

"Shemasi Dorka, una swali?"

"Sina swali," alisema Waya. "Nimepinga."

Alirudi nyumbani asile. Jioni alimwambia Ezra kwamba kochi refu ni lake kwa muda wowote anaotaka. Ezra alikataa. "Waya, ukinichukua watakutoa na wewe. Wacha mmoja abaki ndani." Kachumba kalihitajika kwa mtunza kanisa mwingine, na karo, ambayo hakuna aliyesema imekatwa, haikulipwa tena. Siku ya kuondoka alipitia kwa kina Apiyo na sanduku lake la chuma. Mama Apiyo alikuwa amepika kamongo, akaanza kuhangaika kumtafutia mayai. Ezra akamzuia. "Nipe tu hiyo, mama. Mimi si nimeshatoka?" Alikula polepole, akachovya kuon, ugali wetu, kwenye mchuzi, akatutazama. "Kumbe ni tamu hivi," alisema, "na mnanyamaza tu." Tulicheka mpaka Apiyo akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha Kizungu. Sabato iliyofuata kwaya ilisimama kuimba ule wimbo, na mimi sikuacha kutazama madirisha, nikitarajia uso wake. Wakati ule nilikwisha kuathiriwa na hadithi. Nilidhani mtu aliyetolewa nje huja kusimama dirishani. Hakuja. Alikuwa Nyatike, ndani ya shimo la dhahabu.

Baadaye alihamia Sindo akawa fundi wa injini za maboti, akaoa, akazaa. Nilimwona mara chache. Tulizungumza juu ya bei ya petroli na magoti. Mke wake ni mshika Sabato na watoto walikulia kanisani. Yeye aliwapeleka kwa pikipiki, akawangoja barabarani. Jaduong' Nehemia alikufa, na kwenye maziko yake waliimba Walio Nje kama wimbo wake, kwa kuwa ubao ulikuwa wake. Waya aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia tena akiimba alto yake katika wimbo ule, kwenye kanisa wala kwenye uji.

Hayo yote nilikuwa nayo kifuani pale Sindo, kaburi likiwa limekwisha kufunikwa, binti yake mkubwa aliponiletea sahani ya chakula nyuma ya nyumba nilikokimbilia kivuli. Anaitwa Lavenda, yuko kidato cha tatu, ana shingo ya baba yake.

"Auntie, mama amesema ulisoma na baba. Alikuwaje?"

"Aliimba," nilisema.

"Baba? Kuimba?" Alicheka kidogo, kwa adabu ya msiba. "Auntie, labda unachanganya. Baba hata redio alikuwa anazima."

Nikamweleza. Nilianza vibaya, kama mhadhara, kisha nikaacha mhadhara nikamweleza tu: kibanda, ubao, mama aliyesimama, mkono wa Waya. Nilitoa simu nikamchezea wimbo wa magitaa. Sekunde chache tu akasema, "Huu naujua, watu wanaufanyia video," na ulipofika kwenye kiitikio akaanza kukiimba kwa sauti ya chini, kisha midomo yake ikaendelea na maneno ya baba yake juu ya magitaa yale. Akakatisha hapo. Nikazima simu.

Alikaa chini kwenye nyasi, na sketi yake nzuri.

"Mimi ndio naanzishanga huo wimbo kwa kwaya yetu," alisema. "Nikifanya mazoezi hapa nyumbani, nikifika hapo kwa kiitikio, baba anaamka, anatoka nje. Anaenda kwa injini zake. Kila siku, auntie. Mpaka nikaacha kuimba akiwa hapa." Alichuma jani la nyasi. "Nilidhani ni sauti yangu."

Nilimwambia aimbe sasa, mimi nitasikiliza. Alifikiri. Kisha akapangusa sketi, akachukua sahani yangu ambayo sikuwa nimeigusa, akatazama ndani yake, akanirudishia. Alisema nile kwanza, na kwamba kule mbele bado kuna wageni hawajapata chakula.